Mafuta Tuliyoyapika Kitaya

Tone la kwanza lilianguka saa tano na dakika ishirini asubuhi. Moto tulikuwa tumeuwasha saa mbili kamili. Kwa saa tatu na dakika ishirini mimi na mdogo wangu tulikaa juu ya magogo tukitazama mdomo wa bomba. Kwanza ulitoa mvuke, kisha maji kidogo, kisha haukutoa chochote kwa muda mrefu hata nikaanza kutafuta maneno ya kumwambia. Halafu tone lenye rangi ya chai ya mkandaa likajitokeza, likaning'inia, likaanguka kwenye chupa. Niliandika saa kwenye daftari kabla ya kusema neno.

"Ndiyo hayo?" mdogo wangu akauliza.

"Ndiyo hayo."

Aliinama akanusa. "Yananuka kama nyumba iliyoungua."

Nilichovya kitambaa, nikakisogeza kwenye kaa. Kiliwaka kwa moto wa manjano wenye masizi. Yalikuwa mafuta, na yalitoka kwenye mifuko ya rambo, madumu yaliyopasuka na vifuniko vya ndoo vilivyookotwa Kitaya, kijiji ambacho mtu akisimama kwenye ukingo wa mto anaiona Msumbiji upande wa pili.

Ilikuwa katikati ya miaka ya elfu mbili. Mdogo wangu alikuwa mjane. Mumewe alimwachia watoto wanne, kiwanja alichokaa pamoja na mama mkwe wake, na mashine ya kusaga inayoendeshwa na injini ya dizeli ya silinda moja, ya aina ile yenye gurudumu kubwa zito la chuma pembeni. Wanawake wa kijiji walileta makopa yao pale, wakasagiwa unga wa muhogo kwa shilingi mia moja kwa pishi. Watoto wanne waliishi kwa shilingi mia mia hizo.

Tatizo lilikuwa kifuku. Mvua zikishika, barabara ya kutoka mjini inageuka tope, na dizeli haifiki. Ikifika inafika kwa baiskeli, kwenye madumu ya lita tano, na kifuku kile iliuzwa shilingi elfu moja na mia tatu kwa lita. Kwa bei hiyo mashine inasaga kwa hasara. Mwaka uliotangulia ilisimama wiki saba, na wanawake wakarudi kwenye vinu vyao vya miti. Kaka wa marehemu alikuja, akaizunguka injini, akasema mbele ya watu kwamba mashine isiyosaga ni chuma, na chuma huuzwa. Alisema kwa upole, maana alikuwa mtu mpole, lakini kila mtu alielewa. Ikisimama kifuku kimoja zaidi, ukoo wa mume utaiuza.

Mdogo wangu hakuniomba msaada. Alinieleza tu, siku alipokuja mjini, akiwa amekaa kwenye kibaraza changu Magomeni, ile ya huku kwetu kusini, na kukunja na kukunjua ncha ya khanga yake. Mimi ndiye niliyesema nitajaribu.

Sikusoma ufundi chuoni. Katika miaka ya tisini nilikuwa mpimaji wa mizani kwenye vituo vya kununulia korosho, baadaye nikawa mtunza ghala wa karakana mjini, hadi karakana ilipofungwa. Nilichojua nilikipata kwenye vitabu, na vitabu nilivipata kwa muuza karanga mmoja wa soko la Chikongola aliyevinunua kwa kilo ili achane kurasa za kufungia karanga zake. Nilimzoea, akawa ananiwekea kando vilivyokuwa na picha za mitambo. Kitabu cha kemia nilikipata kikiwa kimepungua kurasa nyingi za mwanzo. Sura iliyoeleza jinsi plastiki inavyotengenezwa kutokana na mafuta, na jinsi inavyoweza kurudishwa kuwa mafuta ikipashwa joto kali mahali pasipo na hewa, ilikuwa kamili. Ningependa kuandika hapa kwamba ukurasa unaohusu hatari yake ulikuwa umechanwa. Haukuchanwa.

Chombo nilikitengeneza kwa mtungi wa upepo wa breki za lori bovu. Mchomeaji alikata mdomo wake akaweka mfuniko wa bamba wenye boliti nane. Kati ya mfuniko na mdomo nilipaka udongo wa kichuguu uliochanganywa na majivu, ukakauka ukawa mgumu kama kigae. Kutoka kwenye mfuniko lilitoka bomba la chuma la robo tatu inchi, likapita ndani ya nusu pipa la maji, likashuka kwenye chupa. Moshi usiogeuka mafuta niliupitisha kwanza ndani ya dumu la maji ili moto usiweze kurudi nyuma, kisha nikauelekeza chini ya mtungi uungue. Mtungi ulimeza kilo kumi na mbili za plastiki kwa mara moja.

Mafuta ya kwanza hayakufaa kutiwa kwenye injini moja kwa moja, kwa kuwa ndani yake mna sehemu nyepesi zinazolipuka kama petroli. Niliyachemsha mara ya pili. Sikuwa na kipimajoto, nikatumia punje ya risasi ya kulehemia, ambayo najua inayeyuka kwenye joto gani. Niliiweka juu ya mfuniko, na kila kilichotoka kabla punje haijayeyuka nilikiweka mbali. Kilichotoka baadaye kilichanganywa nusu kwa nusu na dizeli ya dukani. Injini iliyanywa. Ilitoa moshi zaidi kidogo na ilisaga sawasawa.

Mpango wa malipo ulikuwa wa mdogo wangu, na ulikuwa mzuri kuliko wangu. Hatukuwa na fedha ya kununulia taka. Akasema kila atakayeleta kilo moja ya plastiki atasagiwa pishi moja bure. Ndani ya siku tatu hapakubaki mfuko wa rambo kwenye majani kuanzia msikitini hadi mtoni.

Watu walicheka, bila shaka. Alikuwepo mtani wetu mmoja, mwanamke wa Kimakua, mnene, ambaye hakuwahi kuleta makopa bila kuleta na maneno.

"Fundi," alisema akitua gunia lake, "nimepata kandambili ya marehemu bibi yangu. Itatoa lita ngapi?"

"Ya Kimakua haitoi mafuta," mdogo wangu akajibu kutoka ndani. "Inatoa maneno tu."

"Ninyi Wamakonde mlianza kula panya tukanyamaza. Sasa mashine yenu inakula takataka. Zikiisha mtatutia sisi humo."

"Wewe hutoshi kwenye mtungi, shangazi."

Wanawake waliokuwa kwenye foleni walicheka hadi mmoja akamwaga unga. Hizo zilikuwa siku za mipiko mitatu ya kwanza. Naziandika kwa sababu zilikuwepo.

Kitabu kilisema ziko plastiki ambazo hazifai. Mbaya kuliko zote ni ile ya mabomba ya maji ya kijivu, nyaya za umeme na viatu fulani vya mpira laini. Ndani yake mna klorini, na ikipashwa joto inatoa asidi inayokula chuma. Namna ya kuitambua ni rahisi. Unachukua waya wa shaba, unaupasha hadi uwe mwekundu, unaugusisha kwenye plastiki, unaurudisha motoni. Moto ukigeuka kijani, tupa. Nilimfundisha mdogo wangu. Alijaribu mara kumi mbele yangu na hakukosea hata mara moja.

Nilimpa na sheria nyingine, na hiyo niliitoa kwenye kazi yangu ya zamani. Katika vituo vya korosho nilijifunza kwamba gunia halisemi ukweli mpaka limwagwe. Sisi wapimaji tuliwaibia wakulima kwenye mizani, nao wakaturudishia kwa mchanga na mawe chini ya gunia. Kwa hiyo kila gunia nililimwaga chini mbele ya mwenyewe, mkubwa kwa mdogo. Nilimwambia mdogo wangu afanye hivyo hivyo. "Mwaga kila gunia. Usimwonee mtu haya."

"Kila mtu?" akauliza.

"Kila mtu."

Alinitazama kidogo, akaitikia. Sikufikiri zaidi juu ya swali lile. Mpimaji anatoka mbali, ana meza na mizani, na msimu ukiisha anaondoka. Yeye alikuwa anaishi pale.

Baada ya mpiko wa tatu nilikwenda mjini kutafuta boliti na bomba la akiba. Mvua zilinishika huko siku kumi na moja. Niliporudi, ghala lilikuwa limejaa magunia.

"Umezijaribu zote?" nikamuuliza.

"Nimezijaribu."

Alijibu akiwa ameinama anafunga mkanda wa mashine.

Kazi tuligawana hivi: yeye alipakia mtungi alfajiri baada ya kuswali, akikandamiza mifuko ya rambo hadi juu, mimi nilipaka udongo, nikafunga boliti, nikalinda moto na kuandika. Mpiko wa nne niliuwasha saa moja na nusu asubuhi. Saa nne kasoro dakika tano, kabla ya mafuta, mdomo wa bomba ulitoa moshi mweupe mzito uliolala chini kama ukungu wa bondeni. Harufu yake ilinichoma pua. Ilikuwa harufu ya maji ya betri. Macho yalitoka machozi, na kuku wa mama mkwe walihama upande ule wa kiwanja.

Nilikuwa na kipimo changu cha asidi. Nilikuwa nimeloweka choya, yale maua mekundu ya kutengenezea juisi, kwenye maji, nikatia majivu kidogo mpaka yakawa na rangi ya kijani. Niliyamimina kwenye chupa pamoja na mafuta mapya nikatikisa. Yaligeuka mekundu mara moja. Niliandika kwenye daftari, na maneno ninayanakili kama yalivyo: "Saa nane na robo. Choya imekuwa nyekundu. Mafuta yana asidi. Kuna plastiki ya klorini kwenye mzigo."

Hatua iliyofuata ilikuwa wazi. Nilitakiwa kuzima moto, kwenda ghalani na kumwaga kila gunia chini. Ghala lilikuwa hatua ishirini kutoka nilipokaa.

Sikwenda. Tangi la injini lilikuwa na mafuta ya siku moja. Siku iliyopita kaka wa marehemu alikuwa amekuja na mtu mwingine ambaye hakutambulishwa, na mtu yule aliigonga injini kwa kifundo cha kidole kama mtu anayechagua nazi. Foleni ya makopa ilikuwa inafika barabarani. Nilijua kwamba nikitazama nitaona, na nikiona nitalazimika kusimamisha mashine. Basi niliyaosha mafuta kwa maji ya majivu mara mbili, hadi choya ikabaki kijani, nikajiambia asidi imekwisha. Nilifanya hivyo kwa mpiko wa nne, wa tano, wa sita na wa saba. Kwenye mpiko wa tano bomba lilitoboka tundu dogo, kutoka ndani kwenda nje. Nikaweka la akiba. Kwenye wa saba likatoboka na hilo, nikamtuma mwendesha baiskeli akaninunulia jingine. Niliandika bei zake, elfu nne na mia tano kila moja.

Sasa naandika asubuhi ile.

Saa tatu na dakika arobaini nilikuwa natayarisha udongo wa kuzibia mpiko wa nane niliposikia mlio wa injini umebadilika. Injini ya namna ile ina mlio wa polepole unaoweza kuuhesabu. Nilisikia hesabu inaharakisha, ikaungana, ikawa mlio mmoja mrefu. Kwenye pampu ya dizeli kuna kijiti kinachosogea mbele na nyuma kupunguza na kuongeza mafuta, na gavana, kifaa kinachodhibiti mwendo wa injini, ndiyo inayokivuta. Kijiti kilikuwa kimenata pale pa mafuta mengi, hivyo gavana ilivuta bure. Injini ilikuwa inakimbia.

Mdogo wangu alikuwa peke yake ndani na mwanamke mmoja aliyekuwa akimimina makopa. Alimsukuma mwanamke yule nje kwanza. Kisha akavuta mkono wa kuzimia injini, unaosukuma kijiti kile kile, nao haukusogea. Mumewe alikuwa amemwonyesha kwamba mashine ikishindikana, mtu anaweza kuuchomoa mkanda kwa kuusukuma na gongo. Alichukua gongo. Mkanda ukatoka, na injini, ilipobaki bila mzigo wa kusaga, ikazidi kukimbia. Mkanda uliokuwa unaruka ulishika ncha ya khanga yake. Khanga ikavuta mkono.

Niliingia na gunia lililoloa maji nikaziba nalo tundu la hewa la injini. Ilisimama saa tatu na dakika arobaini na nne. Najua kwa sababu niliitazama saa. Mwili ulifanya ulichozoea, na sijawahi kujisamehe kwamba nilitazama saa kabla ya kumtazama yeye.

Barabara ilikuwa imekatika sehemu mbili. Tulimbeba kwenye kitanda cha kamba hadi kwenye trekta, na trekta likatupeleka hadi kwenye gari la mchuuzi wa samaki. Tulifika hospitali saa kumi na moja kasoro robo jioni. Mkono wa kulia waliukata juu ya kiwiko. Alipoamka, neno lake la kwanza lilikuwa swali.

"Imezima?"

"Imezima."

"Kuna mtu ameumia?"

Nikamwambia hakuna mwingine.

Nilirudi Kitaya siku ya sita. Nilifungua pampu. Kijiti kilikuwa na kutu ya rangi ya tumbaku, na juu ya kutu utando mweusi ulionata kama ulimbo. Maji ya majivu yalikuwa yameondoa asidi niliyoweza kuipima na kuiacha ile nisiyoweza. Nozeli inayopulizia mafuta ndani ya injini ilikuwa imeliwa. Ndipo nilipokwenda ghalani, hatua ishirini, nikamwaga magunia.

Kwenye gunia la tano, ambalo lilikuwa limebaki nusu, kulikuwa na mabomba ya maji ya kijivu. Yalitoka kwenye mradi wa maji ulioachwa miaka mingi nyuma. Watu walikuwa wanayafukua mara kwa mara. Niliupasha waya wa shaba. Moto ulikuwa wa kijani kama shingo ya bata dume. Jambo lililonishangaza ni kwamba vipande vyote vilikuwa vimekatwa urefu mmoja, kama kidole, na vilikuwa vimeoshwa. Nimeona udanganyifu mwingi kwenye magunia. Sijaona mtu anayeosha mawe anayoficha.

Nilimuuliza mdogo wangu pale hospitali. Sikupandisha sauti.

"Lile gunia la mabomba, lilikuwa la nani?"

"La mama."

Alimaanisha mama mkwe wake.

"Kwa nini hukulimwaga?"

"Kaka, wewe ungemwaga mzigo wa mkweo, yeye amesimama pale?"

Kwetu mtu hamtazami mkwewe usoni, hata akipishana naye njiani anajibanza pembeni. Kumfungulia mzigo wake mbele yake ni kumwambia wewe ni mwizi. Nisingeweza na mimi.

"Alileta magunia mawili," akaendelea. "Baadaye nilipofungua kupakia nikayaona. Ningeyatupa wapi asiyaone? Kiwanja ni kimoja. Nikasema nitakuwa natia kidogo kidogo, kama chumvi. Nilidhani yakiwa machache hayatadhuru. Ulipouliza nikasema nimezijaribu. Nisamehe."

Nilimwambia amesamehewa. Nilisema hivyo na nikaacha aamini kwamba kosa lilikuwa lake. Choya sikuitaja.

Mama mkwe mwenyewe alikuja mjini kabla ya mwezi kwisha, baada ya mdogo wangu kutoka hospitali na kuhamia kwangu Magomeni. Alileta unga alioutwanga kwa mkono wake. Alikaa kwenye mkeka wa chumba cha pili, maana mtu hakai chumba kimoja na mkwewe, akazungumza nami kupitia mlangoni. Alikuwa bibi mdogo wa umbo, mwenye vidole vilivyobabuka kwa utomvu wa maganda ya korosho.

"Wanasema mabomba yangu ndiyo yaliyoharibu," alisema.

"Ni plastiki ya namna yake, mama. Haikufaa."

"Nilikuwa nataka unga wa hitima ya mwanangu. Mifuko ya rambo niliyookota ilikuwa michache na haina uzito, na mimi sikutaka kumpunja mke wa mwanangu. Nikafukua na mabomba, nikayatia yote kwenye ndoo ya maji. Yaliyoelea niliyatupa. Yaliyozama nikayaosha nikayaleta. Korosho inayoelea haina kitu ndani. Inayozama ndiyo yenye kiini. Nikasema hata hizi, iliyo nzito ndiyo yenye mafuta."

Hakutaka kutudanganya. Alituchagulia kwa namna ambayo kila mkulima wa korosho tangu Kitaya hadi Mikindani anachagua mbegu yake, na alichagua kwa uaminifu kuliko mtu yeyote aliyetuletea gunia. Na kipimo chake kilikuwa sahihi, ila tu kilitakiwa kugeuzwa. Mifuko na madumu yenye mafuta huelea. Mabomba ya klorini huzama. Kitabu kilikuwa na jedwali la uzito wa plastiki zote, nami nililisoma nikalipita. Kama ningeweka ndoo ya maji mlangoni na kumwambia kila mtu aweke mzigo wake mwenyewe, kinachoelea kiingie na kinachozama kirudi nyumbani, pasingekuwa na gunia la kumwaga wala mkwe wa kuaibisha. Badala yake nililetea kijiji waya wa shaba na sheria ya mpimaji.

Mama mkwe aliniuliza kama mkono ulikatwa wote. Nikamwambia juu ya kiwiko. Akasema, "Ndio aliokuwa anasongea ugali," kisha akajifunika uso kwa ushungi wake.

Injini ilikuwa imepasuka ufa kwenye gurudumu. Kaka wa marehemu aliiuza kwa mnunuzi wa vyuma. Aligawa fedha kwa haki kadiri ya ukoo ulivyoona haki, na sehemu ya mdogo wangu ilikwenda yote kwenye dawa. Watoto wawili wakubwa walibaki na bibi yao Kitaya, wawili wadogo wakaja kwangu. Mahali pa mashine pakabaki sakafu yenye boliti nne zilizosimama, na wanawake wakarudi kwenye vinu.

Mdogo wangu alijifunza kufunga khanga kwa mkono mmoja na meno. Kuandika kwa mkono wa kushoto kulimchukua muda mrefu zaidi. Adhuhuri moja, kiasi cha miezi mitano baada ya ajali, alikuwa amekaa kwenye kibaraza changu, mahali pale pale alipokaa siku aliyonieleza habari za kifuku. Aliliona daftari dirishani.

"Nisomee," akasema.

"Nini?"

"Yote. Tangu tone la kwanza."

Nilisoma. Nilisoma saa za kuwasha moto na saa za tone la kwanza, uzito wa plastiki, lita zilizotoka. Aliposikia mpiko wa pili alitabasamu kidogo, kwa sababu siku ile mtani wetu wa Kimakua alikuwa amekalia dumu la moto. Nilifika mpiko wa nne. Ningeweza kuruka mstari. Yeye hakuwa anatazama ukurasa, alikuwa anatazama barabara.

Nilisoma, "Saa nane na robo. Choya imekuwa nyekundu. Mafuta yana asidi. Kuna plastiki ya klorini kwenye mzigo."

Aligeuka. "Soma tena."

Nikasoma tena.

"Hiyo ilikuwa siku gani?"

"Siku kumi na tisa kabla."

Hakulia wala hakunilaumu. Alishika kigutu cha mkono wake uliokatwa kwa kiganja cha kushoto, kama alivyozoea kufanya hali ya hewa ikibadilika, akakaa hivyo. Mtoto wake wa mwisho alipita na ndoo ya maji, mama yake akamwambia asiimwage. Baadaye akasema, "Endelea."

Niliendelea hadi mwisho, hadi saa tatu na dakika arobaini na nne. Nikafunga daftari.

"Mafuta tuliyoyapika yaliyoingia kwenye tangi yalikuwa lita ngapi?" akauliza.

"Thelathini na moja."

"Kwa bei ya Kitaya."

"Elfu arobaini na mia tatu."

"Toa mabomba yaliyotoboka."

"Mawili, elfu tisa. Na boliti na risasi, elfu mbili na mia saba. Inabaki elfu ishirini na nane na mia sita."

"Hujatoa watu tuliowasagia bure," alisema. Yeye ndiye aliyekuwa mfanyabiashara. "Plastiki ilikuwa kilo ngapi?"

"Mipiko saba. Themanini na nne."

"Basi pishi themanini na nne. Mia mia."

Nikatoa elfu nane na mia nne. Nilirudia hesabu pembeni mwa ukurasa ili nisikosee, nikampa daftari. Alichukua kalamu kwa mkono wa kushoto akaandika jibu mwenyewe, polepole, kwa tarakimu kubwa zilizopinda. Tulikuwa tumeokoa shilingi elfu ishirini na mia mbili.